OILI YA PAMPU: KUONGEZA SIYO KUBADILISHA



Gazeti hili limechelewa kubandikwa kwa siku nne. Karatasi zilikuwepo, ila kalamu ya wino mzito ilikauka na nyingine ilibidi iagizwe mjini. Waliokuja Jumatatu wakakuta lile la zamani la bei ya mbolea watuwie radhi.

Mkutano wa Jumapili ulikwisha jua likiwa limezama, na neno moja halikupata jibu. Neno lenyewe ni hili: je, injini ndogo kama ya pampu yetu inahitaji kweli kumwagwa oili na kutiwa mpya kila mara, au hayo ni maneno ya wenye maduka wanaotaka tununue oili mwezi hata mwezi? Wengine mlisema inahitaji, wengine mlisema haihitaji, na wengine mlikuwa mmekwisha kwenda kufunga mbuzi. Ofisi iliahidi kujibu hapa ukutani ili kila mtu asome kwa nafasi yake, na asiyejua kusoma asomewe. Tunajibu leo. Pamoja na jibu, tunalo la kuungama.

Yaliyotokea mnayajua, lakini tuyapange kwa utaratibu maana yamesimuliwa ovyo. Pampu ya ushirika ilianza kazi mwanzoni mwa Juni. Ilivuta maji vizuri, watu wakaifurahia, na vitunguu vya kundi la kwanza wote tuliviona. Ilipofika Oktoba, vitunguu vya kundi la pili vikiwa ndiyo kwanza vinaanza kutia vichwa, injini ilianza kugonga chuma kwa chuma. Ikagonga hivyo asubuhi nzima. Halafu ukasikika mlio mmoja kama wa gogo linalopasuka, ikasimama. Kwa wiki mbili tulichota maji kwa ndoo. Akina mama walishika zamu tangu alfajiri, na vijana wa shule wakasaidia jioni, lakini ndoo haishindani na kiangazi. Matuta ya upande wa juu, yale yaliyo mbali na mto, tuliyatazama yakikauka na hatukuwa na la kufanya.

Kesho yake kamati ilikaa. Kamati ni sisi. Tulisema kwamba mwendesha pampu ni mzembe, ameua mali ya wanaushirika, na akatwe posho ya miezi miwili. Yule kijana hakujitetea sana. Alisema tu, "Mimi niliomba oili." Tukamjibu kwamba oili ilikuwemo ndani ya injini, tuliipima wenyewe kwa kijiti chake, na ilikuwa imejaa. Na kweli ilikuwemo.

Fundi wa mjini alipoifungua injini, tulikuwepo wawili kutoka ofisini. Alikinga oili kwenye sufuria kuukuu. Ilitoka nyeusi ti, nzito kama uji wa ulezi uliolala, na alipoielekeza sufuria kwenye jua tukaona ikimetameta unga wa chuma. Konrodi ilikuwa imekatika vipande viwili, na kipande kimoja kimetoboa tumbo la injini. Fundi hakusema mengi. Aliuliza, "Hii oili mlimwaga lini?" Tukatazamana. Tangu Juni haikumwagwa hata siku moja. Ilikuwa inaongezwa tu.

Hapo ndipo ulipotokea ubishi wa Jumapili. Mzee wetu mmoja, ambaye alitunza bustani ya nyumba kubwa huko Dar es Salaam kwa miaka mingi, alisimama akasema kwamba yeye alitumia mashine ya kukata majani miaka kumi, na injini yake ni kama hii ya pampu, na hakupata kumwaga oili hata mara moja. Alikuwa anatazama kijiti, akiona imepungua anatia kidogo. Na mashine aliiacha nzima. Vijana walimcheka. Sisi hatukupendezwa na kicheko kile. Mzee huyu hasemi uongo, na jambo alilolisema ni la kweli kwa mashine ile. Wala injini zile na hii yetu hazina tofauti kubwa: silinda moja, petroli, kamba ya kuvuta.

Basi tukafanya hesabu, na waliokuwepo kwenye darasa la jioni Jumatano waliifanya pamoja nasi ubaoni. Tulimwuliza mzee: bustani ile ulikuwa unaifyeka mara ngapi? Akasema, mara moja kwa wiki, na kazi ilikuwa inakwisha kwa saa moja. Mwaka una wiki 52. Kwa hiyo mashine yake ilifanya kazi saa 52 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni saa 520. Sasa pampu yetu. Inakwenda saa tano kila siku, siku sita kwa wiki, yaani saa 30 kwa wiki. Kutoka mwanzo wa Juni mpaka siku ilipokufa ni wiki 18. Mara 30, jibu ni saa 540.

Hebu zitazameni namba hizo mbili. Miaka kumi ya mashine ya mzee ni miezi minne ya pampu yetu, na zaidi kidogo. Mzee aliondoka kazini injini yake ikiwa imefanya saa 520, sisi yetu ikafa kwenye saa 540. Hatusemi kwamba ya mzee nayo ingekufa wiki iliyofuata. Pengine ingeendelea, maana ilikuwa inafanya saa moja kisha inapumzika wiki nzima, tena juu ya majani mabichi yasiyo na vumbi. Yetu ilikuwa inanguruma saa tano mfululizo, mzigo wa maji mgongoni, katika vumbi la kiangazi ambalo kila mwenye macho hapa kijijini analijua. Lakini mtu akituambia "nilikaa nayo miaka kumi", tujifunze kumwuliza: miaka kumi ya saa ngapi?

Tumetafuta zaidi ya hapo, tusije tukaonekana tunatetea upande mmoja. Kijana wetu wa kidato cha tatu alitusomea kwenye simu kwamba kampuni ya Marekani, Briggs & Stratton, katika miaka ya 2010 ilianza kuuza injini za mashine za kukata majani ambazo kampuni yenyewe inasema hazihitaji kubadilishwa oili. Mwenye nayo anakagua, ikipungua anaongeza, basi. Kwa hiyo wale mliosema injini za namna hiyo zipo, zipo. Lakini zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kiwanja cha majani nyuma ya nyumba yake, siyo mtu mwenye mto na ekari za vitunguu. Na kampuni hiyo hiyo, kwa injini zake nyingine za kawaida za kukata majani, inaelekeza oili imwagwe baada ya saa 5 za kwanza, halafu kila saa 50 za kazi au mara moja kwa mwaka. Mtu asichukue maneno ya injini moja akayavisha injini nyingine.

Kuna na mwenzetu aliyesema msumeno wa kupasulia mbao wa shemeji yake haujapata kubadilishwa oili tangu ununuliwe. Huo nao ni kweli, lakini ni habari nyingine kabisa. Msumeno ule wa mnyororo, na ile mashine ya kufyekea inayobebwa begani, oili yake inachanganywa ndani ya petroli na kuungua pamoja nayo. Haina oili inayokaa tumboni, sasa utamwaga nini? Pampu yetu ni ya namna nyingine. Petroli yake ni tupu, na oili inakaa peke yake chini. Tunalitaja hili kwa sababu mtu mmoja alikwisha kutia petroli iliyochanganywa na oili kwenye pampu, akidhani anaisaidia. Moshi wake ulionekana mpaka ng'ambo.

Sasa oili hii inayokaa tumboni inafanya kazi gani? Wengi tunajua ya kulainisha tu. Ina nyingine. Inabeba joto na kuliondoa kwenye pistoni. Inaziba nafasi nyembamba baina ya ringi na ukuta wa silinda. Na inafua, kama sabuni inavyofua: moshi unaopenya, punje ya vumbi iliyopita kichujio cha hewa, unga unaotoka chuma kikisuguana na chuma, vyote oili inavikamata na kuvibeba. Petroli kidogo nayo hupenya ikaizimua. Joto linaila nguvu yake saa baada ya saa. Injini ya gari ina kichujio cha kuchuja oili. Injini ndogo kama yetu haina kichujio hicho. Haina hata pampu ya kuisukuma oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo, na injini ikizunguka kijiko kinachota oili na kuirusha huku na huku, ndivyo vyuma vinavyopata kulowa. Kama tumboni mna uchafu, kijiko kinachota uchafu na kuurusha kwenye vyuma. Na konrodi yenyewe, fundi alituonyesha, ni ya aluminiamu, inakumbatia shafti bila beringi katikati. Kinachozitenganisha ni utando wa oili tu. Utando ule ukijaa unga wa chuma, ndiyo ule mlio wa gogo.

Kwa hiyo tukisema "oili ilikuwemo" hatujasema kitu. Ukiosha vyombo vya harusi kwenye beseni moja tangu asubuhi, na maji yakipungua unatia kikombe cha maji safi, beseni litakuwa limejaa wakati wote. Akina mama mliopo watuambie kama wangempakulia mgeni kwenye sahani iliyotoka humo.

Tena kuna injini zenye kifaa cha kuzima moto oili ikipungua. Watu wakisikia hivyo wanalala usingizi. Kifaa kile kinajua oili imepungua, hakijui oili imechakaa.

Yafaa tuseme na habari ya rangi, maana kuna wanaosema watamwaga wakiona imekuwa nyeusi. Oili hubadilika rangi mapema, na kubadilika rangi peke yake siyo kwamba imekufa; ndiyo kazi yake ya kubeba masizi. Mwingine atamwaga kabla ya wakati, na mwingine ataizoea ile rangi mpaka asiione tena. Kilicho bora ni kuhesabu saa.

Na saa zimeandikwa. Hapa ndipo tunapoona aibu. Kitabu cha pampu kilikuwemo katika mfuko wa plastiki, ndani ya kabati la ofisi, tangu siku ilipoletwa. Kimeandikwa kwa Kiingereza, tukakifungia tukisema tutamtafuta mtu wa kutusomea. Hatukumtafuta. Ilipofika siku ya kukifungua tuliona kwamba hata sisi tulioanza kushika penseli ukubwani tungeweza kukisoma nusu yake, maana namba hazina Kiingereza na picha hazina Kiingereza. Kuna picha ya kopo la oili, pembeni pameandikwa 20, na chini yake 100. Injini yetu imeigwa kwa ile ya Honda GX160, na maelekezo ni yale yale: oili ya kwanza imwagwe baada ya mwezi wa kwanza au saa 20 za kazi, kwa sababu injini mpya ndiyo inayotoa unga wa chuma mwingi vyuma vikizoeana. Baada ya hapo, kila miezi 6 au kila saa 100 za kazi, lolote litakalotangulia. Ile miezi 6 ni kwa injini inayokaa bila kazi, kwani oili iliyochafuka ikikaa tu tumboni hushika unyevu na kuwa kali kwa vyuma. Kwetu sisi msimu wa kumwagilia, saa 100 ni wiki tatu na siku mbili.

Injini inachukua oili lita 0.6, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kopo la lita moja. Tukapiga hesabu ya msimu wa miezi mitano, saa 600. Kutia ya kuanzia, kisha kubadilisha kwenye saa 20, halafu 120, 220, 320, 420 na 520. Ukijumlisha ni mara saba, na ni lita 4.2. Dumu moja la lita tano linatosha msimu mzima, na la kuongezea linabaki. Bei ya dumu hilo tuliiuliza juzi: haifiki bei ya gunia moja la vitunguu. Sisi tulilikataa dumu hilo. Tumekwisha kuyaona matuta ya upande wa juu, hatuna haja ya kuendelea na hesabu.

Kwa nini tulilikataa? Sasa tuseme lile lililosemwa kwa kunong'ona. Katika kamati palikuwa na maneno kwamba mwendesha pampu anaomba oili ili aipeleke kwenye bodaboda ya ndugu yake. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemwuliza. Neno lilitembea tu, likakaa, na kila ombi lake lilipokuja likakutana nalo mlangoni. Tumefungua faili. Barua zake zimo, tatu, kwa mkono wake mwenyewe. Ya kwanza ni ya mwezi wa Julai. Anasema oili imekuwa chafu na injini inapata joto kuliko mwanzo, anaomba lita moja. Juu yake pameandikwa kwa wino mwekundu: "Aongeze iliyobaki." Mwandiko huo ni wa ofisi hii. Ya tatu haikuandikwa kitu juu yake kabisa.

Hofu ya kuibiwa hatuipuuzi, mali ya wengi inahitaji ulinzi. Lakini dawa yake ni nyepesi mno kuliko kuua injini. Oili haiungui yote ikaisha, inayotiwa ndiyo inayotoka, ikiwa imepungua kidogo. Basi mwendesha pampu atakapotaka lita 0.6 mpya, alete kwanza chafu aliyoitoa, ipimwe mbele ya watu wawili, iandikwe. Hakuna atakayeweza kuipeleka mpya kwenye bodaboda na papo hapo akaleta chafu ya pampu. Na kwa kuwa tumezitaja bodaboda: vijana wale, ambao gazeti hili haliwasifu mara nyingi, wanamwaga oili kwa wakati wake bila kuhimizwa na mtu, kwa sababu wamekwisha kuona mwenzao aliyenoki injini akirudi kulima kwa jembe la mkono. Wangeulizwa wao, tusingefika huku.

Oili chafu ikishapimwa isimwagwe mtoni wala kwenye mifereji ya bustani. Maji yale yale ndiyo tunayoyanywesha vitunguu, na ng'ombe wanakunywa chini yetu. Itatiwa kwenye dumu lenye alama nyekundu nyuma ya ghala. Wenye kujenga banda watapata ya kupaka nguzo kuzuia mchwa, kama tulivyozoea, lakini wapake kwa brashi au kitambaa kwenye kijiti, siyo kwa kiganja. Oili iliyokwisha kuungua kwenye injini inadhuru ngozi, na wale wanaoipaka kwenye vidonda vya mbuzi waache.

Oili mpya nayo inunuliwe ikiwa imefungwa na kizibo chake hakijavunjwa. Safari moja tuliletewa oili ya kupima, kwenye chupa ya soda. Aliyeileta alisema ni nafuu. Ilikuwa nyepesi kama chai na inanuka petroli, yaani ni oili ya watu wengine iliyochujwa kwa kitambaa. Kitabu kinataka 10W-30, ya injini za petroli za kawaida. Kwa nchi yenye joto kama yetu kinakubali pia ile ya namba 30 peke yake.

Jinsi ya kubadilisha, tumemwomba mwendesha pampu aonyeshe Alhamisi jioni kwa injini ya kuazima tuliyopewa na wenzetu wa ng'ambo. Kwa ufupi: iwashwe dakika chache ipate uvuguvugu, maana oili ya baridi inaacha takataka chini. Izimwe. Petroli ifungwe. Sufuria iwekwe, kizibo cha juu kilegezwe ndipo nati ya chini ifunguliwe. Iachwe mpaka tone la mwisho, watu wana haraka sana hapo. Nati irudishwe na washa yake, bila kuikaza mpaka iliwe meno. Itiwe mpya mpaka ifike kwenye mdomo wa tundu, injini ikiwa imekaa sawasawa. Kijiti cha kupimia kinachomekwa tu, hakizungushwi.

Neno hilo la kukaa sawasawa lina uzito kwetu. Pampu yetu ilikuwa inakaa kwenye mteremko wa ukingo wa mto, imeinama kuelekea majini. Oili ilikuwa inakimbilia upande mmoja, na kijiko kikipita upande wa pili kinachota hewa. Wala kupima kwake hakukuwa kwa kweli. Seremala amekubali kutengeneza jukwaa la mbao kabla ya mwezi kwisha, bila malipo. Anahitaji misumari ya inchi nne.

Kichujio cha hewa nacho kisisahauliwe. Kitabu kinasema kisafishwe kila saa 50, na mahali penye vumbi mapema zaidi. Hapa kwetu tunasema kila Jumamosi.

Sasa la kuungama. Adhabu tuliyompa mwendesha pampu ilikuwa ya makosa. Injini haikufa kwa uzembe wake, ilifia mikononi mwa kamati. Alitusihi mara tatu kwa maandishi, na sisi ndio tuliompa kazi ya kujifunza kuandika, tulimwambia darasani kwamba mtu akiandika barua husikilizwa. Posho yake ya miezi miwili ofisi itapendekeza irudishwe yote, na pendekezo hilo litakuwa la kwanza kabisa katika mkutano wa Jumapili ijayo, kabla ya habari ya injini mpya. Wanaushirika ndio wenye kuamua. Kama kuna atakayesimama kusema fedha hizo zisitoke kwenye mfuko wa wote bali kwenye posho za vikao za wanakamati, sisi hatutampinga.

Injini mpya ikinunuliwa, daftari la saa litafungwa kwa kamba kwenye kasha lake. Kila siku mwendesha pampu ataandika amewasha saa ngapi na amezima saa ngapi, na darasa la jioni litajumlisha kila Ijumaa. Mtu yeyote apitaye ana ruhusa ya kulifungua na kusoma. Penseli ikipotea, makaa yapo jikoni kwa mama lishe, aombwe.